Brashi ya Povu

Brashi yenyewe ni ya kunyolea ndevu. Mpini wake wa plastiki umepauka, nywele zimepukutika upande mmoja, na haijagusa kidevu cha mtu tangu fundi ainunue. Huichovya kwenye kopo la rangi lililooshwa, ambamo amekoroga maji na sabuni hadi yakawa mazito kama uji wa mgonjwa, kisha huipakaza juu ya nati isiyozidi kete ya bao kwa ukubwa. Halafu anatulia. Haangalii simu. Dogo wake anayemsaidia anajua, anapunguza redio. Fundi anachuchumaa, tochi mkono wa kushoto, macho kwenye povu, na dakika nzima inapita hakuna kilichotokea. Hicho ndicho anachokingoja, pasitokee kitu.

"Povu likilala, tunahamia nati nyingine," ananiambia bila kugeuza shingo. "Likipumua, tunafungua tunaanza upya. Hakuna kukazakaza juu kwa juu, mzee."

Nimeyatazama haya kwa siku mbili, nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu kwenye gereji moja ya Ubungo, Dar es Salaam, chini ya mkungu unaodondosha kungu zake juu ya boneti za watu bila adabu. Gari linalopakwa povu ni langu, Toyota IST ya cc 1500, lililokuja kufungwa mfumo wa gesi. Zipo gereji zinazolipokea gari kama hilo asubuhi na jioni ukaondoka nalo. Huyu alinieleza mapema kwamba atachukua siku mbili, na kama nina haraka ana watu wa kunielekeza. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na shaka, na mwenye shaka hupenda kukaa akatazama.

Wateja wake ni madereva wa Bajaji, wa teksi za kuitwa kwa simu, na watu wa mishahara waliochoshwa na sheli. Katika siku zote mbili sikumsikia hata mmoja akitaja mazingira. Wanataja hesabu. Mwaka 2023, lita ya petroli ilipovuka Sh3,000 jijini, kilo ya gesi ilikuwa ikiuzwa kiasi cha Sh1,550, na kilo hiyo moja humfikisha mtu mahali ambapo angetumia karibu lita moja na nusu ya petroli. Mtu akishaielewa hesabu hiyo hahitaji kuhubiriwa. Mazingira yamepewa lifti tu. Yamekaa kiti cha nyuma, hayalipi nauli, na dereva hana habari kama yamo.

Mimi nilitaka kujua kama abiria huyo anafika salama. Ndipo nilipoanza kumtazama fundi badala ya kulitazama gari.

Kwanza tuzitenganishe gesi mbili, maana hata kwenye foleni ya kituo watu huzichanganya. Gesi ya jikoni, ile ya mtungi unaoletwa na bodaboda, ni propani na butani. Ukiibana kidogo tu inageuka maji, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kikicheza ndani. Kuna nchi ambazo magari mengi hutembelea hiyo: Uturuki, Poland, Italia, na teksi za Japani na Hong Kong. Inayoendesha magari ya gesi ya Dar ni gesi asilia, ambayo ni methani karibu tupu. Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30 kabla ya bomba kuifikisha Dar es Salaam mwaka 2004. Baadaye ikaungana na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, kupitia bomba la zaidi ya kilometa 500 lililozinduliwa mwaka 2015. Methani ni kaidi. Katika joto letu hili huwezi kuibana ikawa maji. Hubaki hewa vilevile, kwa hiyo ili upate ya kutosha kukupeleka mjini na kukurudisha lazima uishindilie kwenye mtungi wa chuma kwa presha ya bar 200. Tairi ya IST hujazwa upepo wa psi 30 na kidogo. Mtungi ulio nyuma ya kiti cha mwanao hukaribia psi 2,900.

"Ile ya jikoni ikivuja inalala sakafuni kama nyoka," fundi anasema. "Hii inapaa kama moshi wa ubani. Ukiipa njia ya kutokea, inakwenda zake." Ni kweli: propani ni nzito kuliko hewa, methani ni nyepesi. Ndiyo maana valvu ya mtungi anaivalisha mfuko mzito wa plastiki, na kutoka kwenye mfuko huo anapitisha mipira miwili hadi nje ya sakafu ya gari, ili kitakachovuja ndani ya buti kisipate pa kukaa.

Faida ya gesi hizi kwa hewa ni kemia ya kidato tu. Methani ina kaboni moja na haidrojeni nne. Propani ina kaboni tatu na haidrojeni nane. Petroli ni minyororo mirefu zaidi, kaboni nane kwa haidrojeni 18 ukichukua oktani. Kaboni ikiungua huzaa kabonidioksaidi, haidrojeni ikiungua huzaa maji. Kwa hiyo kadiri kaboni inavyopungua kwenye mnyororo ndivyo ekzosi inavyotoa mvuke mwingi kuliko ile hewa inayoipasha dunia. Kwa kiasi kilekile cha joto, pale dizeli inapotoa kilo 74 za kabonidioksaidi, petroli hutoa 69, gesi ya jikoni 63 na gesi asilia 56. Masizi, ambayo ndiyo balaa la dizeli na ndiyo yanayotupaka weusi puani tukisimama kituoni nyuma ya lori, katika gesi ni kama hayapo.

Hayo ni ya darasani, na darasani hakuna nati.

Kazi ilianzia kwenye mtungi. Fundi aliulaza kwenye gunia, akaupangusa begani, akaanza kusoma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma kwa kidole, herufi moja moja: ISO 11439, ujazo wa lita 60, uzito ukiwa mtupu, presha ya kazi 200, presha ya majaribio 300, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Akaniita nisome naye. Mtungi usio na maandishi hayo, alisema, hata ukimpa bure hauingii kwenye gari la mteja wake. Akaufunga kwa mikanda ya chuma iliyopigwa bolti sakafuni, na chini ya sakafu akaweka vibati vipana ili bolti zisije zikachomoka na bati la gari siku ya ajali. Kuhusu buti sina la kusema. Buti ya IST haikuwa ya kujivunia hata kabla ya mtungi.

Kisha bomba. Ni la chuma, milimita 6 kwa nje, linalotoka kwenye mtungi na kupita chini ya gari hadi mbele, na ndani yake presha ni ileile ya mtungi. Hapa ndipo nilipoacha kusoma gazeti nililokuja nalo. Halikati kwa msumeno. Analo kisu cha gurudumu, analizungusha taratibu kulizunguka bomba, anakaza kidogo, anazungusha tena, hadi linakatika lenyewe, mdomo ukiwa laini. "Msumeno unaacha meno," anasema, "na meno yanakula pete." Anafuata njia ya mabomba ya breki, mbali na ekzosi, akibana kila baada ya shibiri mbili. Na kabla bomba halijaingia kwenye kiungo chochote analikunja kwanza duara moja kamili, kama mkia wa kinyonga. Nilidhani ni urembo. Dogo ndiye aliyenieleza: gari likipita kwenye mashimo, injini inatikisika kwa namna yake na bodi kwa namna yake, na bomba lililonyooka likivutwa na pande mbili huchokea shingoni. Lile duara linacheza kwa niaba ya nati. Tangu hapo, kila gari la gesi linapofunguliwa boneti mbele yangu, nautafuta kwanza mkia wa kinyonga. Mara nyingi haupo.

Kiungo chenyewe ni nati na pete ndogo inayovaa bomba. Unapoikaza nati, pete inalikaba bomba na kujikandamiza kwenye kikalio chake; chuma kinaziba chuma, hapana gundi, hapana mpira. Fundi huikaza kwa vidole hadi igome, huichora mstari mweupe ubavuni, halafu ndipo anachukua spana: mzunguko mmoja na robo. Mstari upo ili ajue robo imefika wapi. Hasukumi zaidi. Niliona mkono wake ukifika pale na kusimama, misuli ikiwa bado na hamu, na ni katika kusimama huko ndipo nilipomwamini. Fundi wa kawaida hukaza hadi mshipa umtoke shingoni, akidhani nguvu ni usalama, na pete iliyokabwa kupita kiasi hupasuka au hujikunja, ikavuja leo au mwezi ujao.

Siku ya pili ilikuwa ya injini. Gesi haiingii kwa kupuliziwa tu mdomoni mwa injini kama ilivyofanywa zamani. Kila silinda ina nozeli yake ya gesi, na kila nozeli hupuliza kwa zamu yake, kwa sehemu za elfu za sekunde, kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye manifoldi karibu kabisa na nozeli ya petroli. Vitundu vinne. Ukikosea kimoja, umeharibu manifoldi ya mtu.

Alipaka grisi kwenye ncha ya drili, nyingi, hadi ikaonekana kama kijiti cha asali. Grisi hunasa machicha ya drili yasidondokee ndani, maana chicha moja likiingia kwenye valvu, injini itakumbuka. Alitoboa kidogo, akachomoa, akapangusa, akapaka upya, akatoboa tena. Kila kitundu kilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, nami kweli nilikuwa nakunywa, kwa hiyo nina ushahidi. Mwinamo wa drili ulikuwa uleule kwenye vyote vinne. Dogo alisimama pembeni na kipande cha kadibodi alichokikata kwa pembe hiyo, akikiegesha kila mara kama msimamizi wa mtihani. Baada ya vitundu, meno ya skrubu yalikatwa kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mbele, nyuma.

Mipira inayotoka kwenye nozeli za gesi kwenda kwenye vitundu hivyo aliipima kwa uzi. Yote minne urefu mmoja, na mifupi kadiri nafasi ilivyoruhusu. Mmoja ukizidi, silinda yake itapata gesi kwa kuchelewa, itaungua vibaya, na kinachoungua vibaya hutoka nyuma ya gari kikiwa bado methani. Kwenye picha za mabango ya kuhimiza gesi sijawahi kuuona uzi huo, ila kwa maoni yangu ulistahili kuwekwa.

Nozeli zenyewe huja na matundu madogo kuliko yanayotakiwa, na fundi ndiye huyapanua kulingana na nguvu ya injini. Anazo ncha nyembamba za drili kwenye kibati cha peremende, zimepangwa kwa tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita. Alitazama jedwali, akachagua ncha moja, akairudisha, akachukua iliyo ndogo zaidi. Nikamuuliza kwa nini. "Tundu hupanuliwa, mzee. Halipunguzwi."

Kuna kifaa kimoja ambacho nilikuwa nikikidharau, kile kinachoishusha presha kutoka bar 200 hadi bar mbili hivi kabla gesi haijafika kwenye nozeli. Gesi inapotanuka ghafla namna hiyo hupoa vibaya sana. Kifaa hicho kikiachwa peke yake kitafanya ukungu wa barafu, hapa hapa Dar, saa saba mchana, kama soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo hupitishiwa maji ya moto ya rejeta. Fundi alikifunga chini kuliko mdomo wa rejeta, ili viputo vya hewa visije vikakusanyika ndani yake na kuzuia maji. Ndiyo sababu pia gari huwaka kwa petroli kila asubuhi na kuhamia gesi lenyewe maji yakishapata joto. Unasikia *tik* moja chini ya dashibodi, na taa inabadilika. Akanionya nisiache tangi la petroli likauke eti kwa sababu sasa nina gesi. Pampu ya petroli hupozwa na petroli yenyewe.

Nyaya nitazipita haraka. Aliziunga kwa solda, akazivalisha mpira, akazificha.

Jioni ya siku ya pili alitoa kompyuta yake, yenye kioo kilichopasuka pembeni, akaichomeka kwenye kontroboksi ya gesi, kisanduku kinachoamuru nozeli, na tukaingia barabarani, yeye akiendesha, dogo amepakata kompyuta kiti cha mbele, mimi nyuma pamoja na mazingira. Kwanza tulikwenda kwa petroli. Kila hali ya injini, polepole, kupanda kilima, kukanyaga, kuachia, ilidondosha nukta kwenye kioo: injini ikinguruma bila kukanyagwa, nozeli ya petroli ilifunguka kwa milisekunde tatu na ushei. Nukta zikajipanga kuwa mstari. Kisha akahamia gesi, na tukarudia njia ileile, foleni ileile, mwendo uleule, nukta za rangi nyingine zikianza kudondoka juu ya zile za mwanzo.

Lengo lake, alivyonifafanulia wakati tumekwama kwenye taa, ni kontroboksi ya petroli isijue kama kuna kilichobadilika. Mashine ile ya Toyota ilipangwa kiwandani ichanganye hewa na mafuta kwa kipimo kamili, ikisaidiwa na sensa inayonusa ekzosi. Gesi ikizidi, sensa itanusa na kuikaripia, ikipungua, vilevile. Mistari miwili ikilaliana, maana yake gesi inaungua kwa kipimo kilekile. Mara ya kwanza haikulaliana. Tukikanyaga sana, mstari wa gesi ulijitenga juu. Akasimama pembeni ya barabara, akashusha tarakimu moja, tukarudi. Ukajitenga chini. Akapandisha nusu. Tulikwenda mara sita. Dereva wa daladala aliyetuona tukipita mara ya nne alitupigia honi ya kutuuliza kama tumepotea.

Nilichoka kabla yake. Mara ya tano mistari ilikuwa karibu sana hivi kwamba mimi ningelipa na kwenda nyumbani. Yeye aliitazama kama mshonaji anavyotazama pindo, akasema, "Bado inachungulia."

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Kilo moja ya methani ikiungua yote hutoa kilo 2.75 za kabonidioksaidi. Lita moja na nusu ya petroli, ambayo ndiyo ningechoma badala yake, hutoa karibu kilo 3.45. Nimeokoa gramu 700. Si haba. Lakini methani isiyoungua, ile inayotoroka ikiwa mbichi, huipasha dunia kuliko kabonidioksaidi mara 28 hivi ukipima kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukipima kwa miaka 20. Gawanya. Katika kila kilo ninayonunua, zikinivuja gramu 25, uzito wa vijiko vitano au sita vya chai vya sukari, nimerudi pale nilipokuwa na petroli. Kwa kipimo cha miaka 20 hata gramu tisa hazifiki. Na hapo sijahesabu kinachovuja visimani, bombani na kituoni kabla gesi haijanifikia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye brashi. Nilikuwa nimelichukulia povu kama jambo la usalama, gari lisilipuke, na ni kweli ni hilo. Ila ule utulivu wa fundi wa dakika nzima mbele ya nati ndio pia unaozilinda gramu 700. Chochote kinachosemwa juu ya gesi kuwa safi kinasemwa kwa dhana kwamba kuna mtu amechuchumaa mahali na tochi.

Hong Kong waliligundua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2000 serikali ya huko ilianza kuwapa wenye teksi ruzuku ili waachane na dizeli na kununua teksi za gesi ya propani na butani. Kufikia mwisho wa 2003 karibu teksi zote, zipatazo 18,000, zilikuwa za gesi, na moshi mweusi wa teksi ukawa hadithi. Lakini teksi ya mji kama ule hailali. Inaendeshwa mchana na usiku na madereva wawili wakipokezana, na kile kichujio cha ekzosi ambacho mafundi wetu hukiita masega, kwa matundu yake kama ya sega la nyuki, huchakaa upesi. Sensa ya oksijeni nayo huchoka. Wenye magari hawakubadilisha, kwa kuwa gari lilitembea tu, halikutoa moshi wa kuonekana, na abiria hakulalamika. Naitrojenidioksaidi ikapanda kando ya barabara. Mwaka 2013 serikali ikalazimika kulipia masega na sensa mpya, na kuanzia Septemba 2014 ikaweka mitambo kando ya barabara ya kunusa ekzosi za magari yanapopita. Gesi ilikuwa ileile ya mwaka 2000. Kilichokosekana ni spana.

Huku kwetu masega yana wanunuzi kwa sababu ya platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo, na yapo magari yanayotembea mjini yakiwa na bomba tupu mahali yalipokuwa. Fundi wangu hulala chini ya gari na kuyakagua kabla hajagusa kitu kingine. Nilimuuliza kama wateja hawaudhiki. Wanaudhika, alisema. Mmoja alimwambia kwamba amekuja kufungiwa gesi, hakuja kwa daktari.

Asubuhi ya siku ile ya pili, kabla ya kazi ya drili, iliingia Bajaji iliyofungwa gesi kwingine. Dereva, kijana mwenye jezi ya Yanga, alisema anasikia harufu kidogo tu asubuhi, hasa ikilala imejaa. Fundi akafunga valvu ya mtungi kwanza, kisha akafunua. Viungo vyote vya presha kubwa vilikuwa vimezongwa utepe mweupe, ule wa mafundi bomba wa maji. Akanyamaza kwa muda. Dogo akaguna. Utepe ule hauna kazi kwenye kiungo cha pete. Kinachoziba ni chuma juu ya chuma, na utepe ukiingia katikati unakuwa ndiyo mlango. Akafungua valvu nusu, akachovya brashi, akapakaza.

Povu lilichemka. Lilipanda kama maharage yaliyosahauliwa jikoni, mapovu makubwa kwa madogo, likamwagikia kwenye chasisi.

"Kaka," fundi akamwambia, sauti ikiwa ya upole ambao sikuutarajia, "wewe kila ukienda kituoni unajaza na anga."

Gari langu likangoja. Alikata mabomba yote mawili, akatoa utepe wote, akaweka pete mpya, akakunja mikia ya kinyonga mahali palipokuwa pamenyooka kama rula. Mstari mweupe, vidole, spana, mzunguko mmoja na robo. Povu likalala. Yule kijana aliinama akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani angeweza, kisha akauliza kama ile harufu ndiyo ilikuwa ikimla hela. Fundi akamwambia ndiyo, sehemu ya hela. Sehemu nyingine hakuitaja, na mimi pia sikumwambia. Alikuwa na abiria wa kumfuata.

Kwenye gari langu nati moja tu ilimshinda mara ya kwanza, ile ya mdomo wa kujazia, iliyo karibu na betri. Povu lilikaa kimya kwa sekunde 40 kwa saa yangu. Kisha kikatokea kiputo kimoja, kidogo kama punje ya ulezi, kikajivimbisha polepole na kupasuka. Kikatokea kingine palepale. Mtu mwenye haraka asingekiona; angekuwa ameshahamia nati nyingine. Fundi alikitazama kikipasuka mara tatu, akasonya, akafunga valvu, akaachia presha, akafungua. Pete ilikuwa na mkwaruzo ambao sikuuona hadi aliponielekeza kwa ukucha. Akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu na kuchukua nyingine.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi kukaguliwa, kama tulivyopatana. Kituoni nilikuwa nimeshazoea utaratibu: kila mtu ashuke, boneti juu, simu mfukoni, mshale wa geji ukipanda taratibu huku watu mnaulizana habari za foleni. Fundi alichomoa stiki ya oili, akaifuta, akaichovya tena na kunionyesha. Baada ya mwezi wa kuendesha kila siku ilikuwa bado na rangi ya chai ya rangi. Hakuisifia. Akachukua kopo, na brashi safari hii ilikuwa mpya, mpini wa buluu. Ile ya zamani ilikuwa imebaki mpini, dogo anaitumia kukorogea.

Akapita nati zote upya. Alianzia kwenye mtungi, akaingia chini ya gari, akaja mbele, akamalizia na ile ya karibu na betri, ambayo aliipa dakika mbili badala ya moja. Povu lilikaa. Jua la saa sita likalikausha hapo hapo kwenye chuma, likaacha duara jeupe la sabuni kuizunguka nati, na dogo aliponyoosha mkono na kitambaa alifute, fundi akamwambia aliache.

Bado lipo. Waosha magari nimewakataza wasiliguse.